Krismasi ya kwanza majuu: mwongozo kwa aliyetoka Kisumu, Kakamega au Nakuru

Wengi wanaoondoka huku kwetu huogopa asubuhi ya tarehe 25. Asubuhi hiyo haina neno sana, inapita. Saa ngumu ni ile inayofuata simu ya nyumbani. Umeongea na ukoo mzima, umeonyeshwa sufuria ya kuku, umesikia watoto wakigombania baluni, kisha simu inakatika na chumba kinanyamaza. Ukichelewa kupiga, nje giza limeshaanza kuingia, na kumbe hata saa kumi jioni haijafika. London mwishoni mwa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi, na ukienda kaskazini zaidi ni mapema kuliko hapo.

Kwa hiyo nimepanga hatua hizi kwa kuilenga saa hiyo. Nilifanya kazi ya kutunza wazee Uingereza kwa miaka, na sasa niko Kisumu, upande wa pili wa simu, ninakoona pia yale tunayowafanyia ninyi mlio huko.

Novemba: jua ratiba yako

Ratiba ya Desemba hutoka mapema, na anayeuliza kwanza huchagua kwanza. Mwone msimamizi wako mwanzoni mwa Novemba. Usidhani sikukuu ni malipo maradufu: Uingereza hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuongeza malipo siku ya Krismasi. Ni mkataba wako unaosema, basi usome kabla hujajitolea.

Kama ni mwanafunzi mwenye ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, usiongeze hata saa moja kabla ya kuuliza chuo tarehe rasmi za likizo yako, na wakujibu kwa maandishi. Visa haina huruma ya Krismasi.

Maoni yangu kwa anayeishi peke yake na hajaalikwa popote: chukua shifti ya asubuhi. Kazini kuna watu, kuna chakula, na wale wazee unaowahudumia wengi hawatatembelewa na yeyote siku hiyo. Shifti ya usiku wa kuamkia 25 siipendekezi mwaka wa kwanza. Utalala mchana, uamke gizani, na siku itakuwa imekwisha bila wewe kuiona.

Panga na usafiri pia. Tarehe 25 treni za Uingereza hazitembei, na London hakuna basi wala treni ya chini ya ardhi. Tafuta mapema mwenzako mwenye gari mnayetoka naye mtaa mmoja, na umchangie mafuta. England na Wales maduka makubwa yamekatazwa kufungua siku hiyo kwa sheria ya 2004. Ujerumani maduka hufungwa mchana wa tarehe 24, na 25 na 26 zote ni sikukuu, kwa hiyo aliyezoea kumtuma mtoto kwa mama mboga dakika ya mwisho atakula mkate mkavu. Marekani ni kinyume: tarehe 26 ni siku ya kazi kama nyingine, na bosi anakungoja.

Wiki mbili kabla: pesa, na swali la "Krismasi yangu iko wapi?"

Swali hilo litakuja tu. Litatoka kwa binamu, kwa mtoto wa jirani, kwa mtu wa bodaboda aliyekubeba mara mbili ulipokuwa ukishughulikia pasipoti. Aliye majuu huhesabiwa kuwa na pesa tangu siku ndege inapopaa, hata kama bado analipa deni la tikiti.

Gawa ulicho nacho mafungu matatu: la sufuria ya nyumbani, la mtu mmoja mmoja, na la Januari. Toa la Januari kwanza na ulifiche. Waajiri wengi wa Uingereza hulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya sikukuu, halafu unaofuata huja mwisho wa Januari. Hapo kati kuna wiki tano, hata sita. Njaanuari ya huku kwetu unaijua. Ya huko ina bili ya kupasha nyumba joto juu yake. Kama kuna karo ya muhula wa kwanza, ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule wakati huu. Ikipitia mikononi mwa watu wiki ya Krismasi, itageuka soda.

Fungu la sufuria mtumie mtu mmoja anayejua kununua. Mara nyingi si yule anayepiga simu zaidi. Lifike kabla ya katikati ya Desemba, kwa sababu jogoo wa Kibuye au wa soko la Luanda anapanda bei kila siku inayosogea, na mwenye mbuzi naye anajua kalenda. Ukiwa umeahidi nauli kwa ndugu wanaotoka Nairobi kuja ocha, yaani kijijini, wakate tiketi mapema. Ikifika tarehe 20 hakuna anayekumbuka nauli ya kawaida.

Unapolinganisha programu za kutuma pesa kwa M-Pesa, usiangalie ada inayotangazwa. Angalia shilingi zitakazofika. Kuna inayojisifu kuwa haina ada kisha inajilipa kwenye kiwango cha kubadilisha fedha. Hakikisha pia jina la laini: laini ya mama mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mjukuu aliyemnunulia simu, na hilo hutalitaka likuzuie tarehe 24 usiku.

Kwa mtu mmoja mmoja, weka kiasi kimoja kwa wote wa rika moja na usikibadilishe. Hawa watu wanaongea. Ukimpa Otieno elfu mbili na Akinyi elfu moja, kesi itakuwa imefika kwa mzee kabla ya chakula cha mchana. Na namba mpya ikikupigia tarehe 23 ikisema binamu amepata ajali, amelazwa Russia, ile hospitali kuu ya Kisumu, na pesa inahitajika sasa hivi, kata, mpigie mama kwanza. Matapeli wanapenda Desemba.

Chakula: chagua kimoja, ukipike sawasawa

Hapa ndipo wengi hujichosha. Wanataka chapati, pilau, kuku, ugali, mbuzi, sukuma na kachumbari, vyote kwenye jiko la umeme la wapangaji watano. Ocha vyakula hivyo hupikwa na wanawake wanane na vijana wa kuteka maji. Wewe uko peke yako. Chagua kimoja, ukifanye hadi kiwe chenyewe.

Mimi ningechagua chapati, kwa kuwa unga wake uko kila mahali na harufu yake inajaza nyumba. Uingereza nunua pakiti iliyoandikwa plain flour, si self-raising, ambayo imetiwa baking powder na itakupa kitu kama keki bapa. Marekani ni all-purpose. Ujerumani unga huuzwa kwa namba: 405 ni laini wa keki, 550 unavutika vizuri zaidi kwa chapati. Kanda kwa maji ya moto kidogo, kwa kuwa jikoni kule ni baridi na donge linakakamaa. Lifunike nusu saa. Sukuma, paka mafuta, zungusha kama konokono, acha tena lipumzike, ndipo usukume mara ya mwisho. Huna kifimbo? Chupa ya mvinyo ya mwenzako inatosha. Sahani ya umeme huchelewa kupata moto na huchelewa kuuacha, basi ipashe kikaango dakika kadhaa kabla ya chapati ya kwanza, kisha upunguze. Ile ya kwanza ni ya mpishi, kama kawaida.

Moshi. Fungua dirisha, washa feni ya juu ya jiko, funga mlango wa kwenda ukumbini. King'ora cha moshi kwenye hosteli kinaweza kuwatoa watu wote nje kwenye baridi na kuwaita wazima moto, nao wenzako hawatasahau. Usikifunike kwa mfuko, hata kama wapangaji wa zamani wanafanya hivyo. Na usiwashe mkaa ndani ya nyumba kwa ajili ya nyama choma wala kwa ajili ya joto. Nyumba za huko zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na hewa ya mkaa haina harufu. Huku jiko linakaa barazani. Huko linaua watu usingizini.

Ukitaka ugali, soma pakiti vizuri. Kinachoitwa cornflour Uingereza ni wanga wa kufanyia mchuzi mzito, si unga wa mahindi. Polenta ni ya njano na ina chenga. Unaotafuta ni unga mweupe wa mahindi kutoka duka la Waafrika, mara nyingi wa Afrika Kusini. Ukibeba sufuria kutoka nyumbani, jua kwamba aluminiamu haipati moto kwenye majiko ya sumaku yale yenye kioo. Weka sumaku ya friji kwenye kitako cha sufuria: isiponata, haitapika. Mwiko ubebe bila wasiwasi.

Kwa Mluhya, hakuna Krismasi bila ingokho, na kuku wa supermaketi wa huko huanguka vipande kabla maji hayajachemka vizuri. Uliza kuku mgumu kwenye duka la Waafrika au bucha la halali; Ujerumani supermaketi huuza kuku wa supu anayeitwa Suppenhuhn, mzee na mwenye mafuta yake, anayehitaji saa mbili au zaidi. Huyo ndiye. Mbuzi pia ni kwa bucha la halali, umwagize wiki moja kabla.

Watu wa ziwa, ninyi mna bahati msiyoijua. Tilapia iliyogandishwa ipo karibu kila mji. Mbuta, yaani sangara, naye yupo: Ujerumani huuzwa minofu kwa jina la Viktoriabarsch, akiwa ametoka kwenye ziwa lenu lenyewe. Ni minofu tu, kichwa hutapata, na ninajua hilo linauma. Mrenda, yaani murere au apoth, nenda duka la Waarabu ukaulize molokhia kwenye friji ya vitu vilivyogandishwa. Ni mboga ileile. Sukuma kwa Marekani ni collard, na Uingereza spring greens ndiyo inayokaribia zaidi. Managu, yaani mnavu, usijaribu kuchuma porini huko. Kuna ndugu zake wenye sumu.

Mtu anayekuletea mzigo kutoka nyumbani asibebe nyama wala maziwa kuingia Ulaya au Uingereza, vitachukuliwa uwanja wa ndege. Wa Nakuru, mursik isubiri. Royco, majani ya chai na mwiko vinatosha.

Na mti? Huku tunakata tawi la mkripresi (cypress), tunalichomeka kwenye debe la mchanga, tunalifunga baluni. Miti inayouzwa huko ni mizuri lakini mingi yake haina harufu ile. Uingereza kuna ua mrefu wa kijani uitwao leylandii, uko mtaa baada ya mtaa, nao ni jamii ya mkripresi. Mwombe mwenye nyumba tawi moja. Lisugue kidogo vidoleni, utajua nazungumzia nini.

Kanisa

Usingoje tarehe 25 kutafuta kanisa. Nyimbo za Krismasi huimbwa wiki za kabla yake, jioni, na hapo ndipo watu hukaa kunywa chai na kuulizana majina. Ibada ya siku yenyewe ni fupi, asubuhi, kisha kila mtu anakimbilia kwake. Ukipenda mkesha, Waanglikana na Wakatoliki wengi wana ibada ya usiku wa 24, lakini angalia utarudije nyumbani.

Neno kwa Wafrenzi, yaani Wakweka (Quakers), wa Kaimosi, Vihiga na Bungoma. Misheni ilifika Kaimosi mwaka 1902 kutoka Marekani, na Wakweka wa Kenya leo ni miongoni mwa walio wengi zaidi duniani. Ukienda mkutano wa Wakweka Uingereza ukitarajia pasta, kwaya na ngoma, utakuta watu wameketi duara, kimya, saa nzima. Hawajakasirika. Ndiyo ibada yao. Wengine hukaa wakaipenda. Ukitaka kuimba, nenda kwa jirani.

Mikutano ya Wakenya ipo kwenye miji mingi, mingine ya kaunti, mingine ya kanisa. Waulize manesi Wakenya wa hospitali iliyo karibu. Hao hujua nani anachinja wapi.

Ukialikwa na wenyeji

Nenda. Uliza ufike saa ngapi na ubebe nini, na ufike saa hiyo, si saa za Kiafrika. Ukiambiwa usibebe kitu, beba chokoleti au maua. Uingereza wanakula mchana: bata mzinga, viazi vya kuoka, na karatasi ngumu (crackers) mnazovutana hadi zilie pwaa, ndani yake kofia ya karatasi. Ivae, hata mzee wa nyumba anaivaa. Saa tisa alasiri wengine huwasha runinga kusikiliza hotuba ya mfalme, desturi iliyoanza redioni mwaka 1932. Ujerumani usiku mkubwa ni wa 24, na mezani huenda ukakuta soseji na saladi ya viazi tu. Usihuzunike, bata bukini wao aweza kuja kesho yake.

Wapelekee chapati sita kwenye kitambaa. Zitamalizika kabla ya bata mzinga.

Simu

Ocha chakula huiva mchana, kwa hiyo lenga saa saba mchana ya Kenya, watu wametoka kanisani na hawajaanza kushiba. Saa hiyo ni saa nne asubuhi Uingereza, saa tano asubuhi Ujerumani, saa kumi na mbili jioni Perth na saa tatu usiku Sydney. Aliye Boston au Atlanta apige saa nne usiku wa tarehe 24: nyumbani ni saa kumi na mbili asubuhi ya 25, mama anawasha moto, na utampata peke yake. Aliye Minnesota au Texas apige saa tatu usiku. Ukiwa kwenye shifti ya asubuhi Uingereza, piga kabla ya kutoka: saa kumi na mbili yako ni saa tatu yao.

Upande wa nyumbani nao uwe na utaratibu, na huu ujumbe wasomee. Kijana mmoja awe msimamizi wa simu. Aichaji usiku, kwa sababu stima hupotea siku kubwa, anunue bando mapema, na atafute mahali penye mtandao hata kama ni chini ya mwembe wa jirani. Kabla ya kila mtu kusema "umetusahau", mama na baba wapewe dakika kumi zao, peke yao, mlango umefungwa. Kesi ya shamba, ugonjwa wa ng'ombe na habari ya msiba isiyo ya haraka zisubiri tarehe 27. Na tafadhali msimpokeze simu pasta bila kumwambia mwenye kupiga.

Omba pia sauti zilizorekodiwa siku moja kabla: kwaya ikifanya mazoezi, nyanya akikusalimia, kelele za jikoni. Zitakusaidia wakati mtandao umejaa na picha imeganda.

Saa inayofuata

Kabla hujapiga, uwe umeahidi mtu mahali pa kuonana baada ya simu. Iwe ahadi kwa mtu, kwa maana ahadi kwako mwenyewe utaivunja ukiwa chini ya blanketi. Mwalike mwenzako ambaye naye hana pa kwenda. Mfilipino, Mnigeria, Mhindi, hao hawakosi kazini. Kama hakuna, toka utembee mchana kungali mweupe, kisha rudi upike. Chapati zipikwe baada ya simu, si kabla. Mikono ikiwa kwenye unga, huwezi kukaa kitandani ukipitia picha za watu walio ocha.

Ukiona uzito umepita kiasi, kuna namba za bure zinazojibiwa hata siku hiyo, na hawatakuuliza visa: Uingereza 116 123, Marekani 988, Ujerumani 0800 111 0 111.

Walio Ghuba

Dada zangu mlio kwenye nyumba za watu Saudia, Qatar na Imarati, mengi ya hapo juu hayawahusu. Tarehe 25 kwenu ni siku ya kazi. Saudia hakuna makanisa. Sali chumbani kimya. Doha na Dubai makanisa yapo, na ibada hufanywa pia Ijumaa, kwa hiyo Krismasi yako yaweza kuwa Ijumaa iliyo karibu. Qatar sheria ya 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku ya mapumziko kila wiki. Iombe mapema, wiki kadhaa kabla, kwa upole. Saudia na Qatar saa ni moja na nyumbani, Imarati mko mbele kwa saa moja. Imarati simu za WhatsApp zimefungwa, ujumbe ndio unaopita. Wengi hupiga kwa programu iitwayo BOTIM. Pombe za kienyeji zinazopitishwa kisirisiri wakati wa sikukuu msiziguse, Saudia na Kuwait hasa. Ni jela, na zingine ni sumu.

Tikiti ya mwakani

Mashirika mengi ya ndege hufungua viti karibu mwaka mzima kabla, kwa hiyo mwishoni mwa Januari Desemba ijayo imeanza kuonekana. Weka kidogo kila mwezi na ununue kabla ya Agosti. Piga hesabu ya Nairobi hadi Kisumu kando, maana kipande hicho nacho hujaa. Na usimtajie mtu yeyote tarehe ya kufika hadi tikiti iwe imelipwa, hata mama. Ukitaja, fahali atachaguliwa usiku huohuo.